Mgomba, Pombe na Deni: Kuisoma Riwaya ya Kitereza kutoka Vijiji vya Ngara na Biharamulo

IKISIRI

Makala haya yanahakiki namna maisha ya kijiji cha wakulima yanavyosawiriwa katika riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali (1980), kwa kuilinganisha na Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi. Usomaji huu unafanywa kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba riwaya ya Kitereza imezoeleka kusomwa kama ghala la mila, na kwamba mazoea hayo yamewaathiri pia watafiti wanaokusanya fasihi simulizi na utamaduni wa vijijini. Makala yanadai kuwa urithi unaosawiriwa na Kitereza ni mfumo wa kupeana na kudaiana baina ya kaya, wala haupatikani kwa kuorodhesha vitu na desturi peke yake. Mwisho, makala yanapendekeza namna ya kuuliza maswali ya utafiti ili mfumo huo usipotee katika maandishi yetu.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayekwenda kijijini kukusanya urithi hurudi na orodha. Katika orodha hiyo huwamo nyimbo za harusi, methali, majina ya vyombo, hatua za kutengeneza pombe na miiko ya wajawazito. Orodha hiyo hupangwa katika majedwali, kila kipengele kikatafsiriwa na kupewa dhima yake: kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kuunganisha jamii. Kazi hiyo ina manufaa, na hakuna sababu ya kuibeza. Hata hivyo, msomaji akiimaliza hubaki na swali moja: watu hawa waliishije pamoja? Dhima ya kuunganisha jamii imetajwa, lakini kamba yenyewe iliyowaunganisha haikuonyeshwa.

Makala haya yanadai kwamba udhaifu huo umejengwa pia na namna tulivyozoea kusoma fasihi andishi. Mfano ulio bora zaidi ni riwaya ya Kitereza. Tangu ilipochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, imesifiwa kwa wingi wa maelezo yake kuhusu kilimo, ufugaji, uvuvi, uganga, ndoa na mazishi ya Wakerewe. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imezaa usomaji finyu. Riwaya imegeuzwa kuwa kamusi ya mila: mtu huifungua kutafuta taarifa, akishaipata huifunga. Wapo hata waliotilia shaka iwapo kazi hiyo ni riwaya, kwa kuwa wanaona maelezo yanaizidi hadithi. Makala haya yanashikilia kwamba maelezo hayo ndiyo hadithi, ilimradi tujue yanaeleza nini.

2.0 Kwa Nini Isomwe kutoka Ngara na Biharamulo

Huenda ikaulizwa kwa nini riwaya ya Ukerewe isomwe kutoka wilaya mbili za magharibi mwa Ziwa Viktoria. Zipo sababu tatu.

Ya kwanza ni ya lugha. Miongoni mwa wakazi wa Biharamulo wamo Wazinza, ambao lugha yao iko katika kundi moja na Kikerewe, Kihaya na Kinyambo. Kihangaza na Kisubi, kwa upande mwingine, ni ndugu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Wilaya hizi mbili zimekaa pale makundi haya mawili yanapokutana. Msomaji wa huko huukuta ulimwengu wa Kitereza ukiwa wa jirani yake: anauelewa bila kuambiwa, lakini haufanani na wa kwao kwa kila kitu. Umbali huo mdogo unamfaa sana mhakiki.

Sababu ya pili inahusu maisha ya mwandishi. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma katika Seminari ya Rubya, ambayo leo iko katika Wilaya ya Muleba, inayopakana na Biharamulo. Aliiandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945, na kwa kuwa hakupata mchapishaji wa lugha hiyo, aliitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1981. Miaka 35 ilipita kati ya kukamilika kwa kazi na kuchapishwa kwake. Hili ni suala la urithi pia, kwani maandishi ya kijiji yanaweza kufa yakiwa yamekwisha kuandikwa.

Ya tatu ni pengo lililopo. Biharamulo inajulikana kwa boma lake lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ngara inajulikana kwa Maporomoko ya Rusumo, na zaidi kwa tukio la mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa muda wa takribani saa 24 na kukusanyika Benaco. Boma, maporomoko na kambi vina picha na maelezo. Kaya ya mkulima iliyokuwapo kabla ya boma, na ambayo ilibaki baada ya kambi kufungwa, haina riwaya kubwa ya Kiswahili inayoisimulia. Ndiyo maana msomaji wa huko analazimika kuazima ya jirani, na mwenye kuazima hana budi kusoma kwa makini.

3.0 Pombe kama Deni

Kisa kinachoanzisha riwaya ni kifupi. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke kwa ugumba wake. Wazazi wa Bugonoka, waliposikia binti yao anatukanwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, na masharti anayopewa ni kuleta pombe ya ndizi kama faini. Kutokana na sharti hilo, mwandishi anaeleza kwa urefu mkubwa namna pombe inavyotengenezwa.

Usomaji wa kighala huishia hapo: hii ni taarifa kuhusu pombe ya asili. Msomaji wa namna hiyo ataorodhesha hatua za kuivisha ndizi, kukamua maji yake, kuchanganya na mtama na kungoja ichachuke, kisha ataandika kwamba mwandishi amehifadhi utamaduni. Lakini tukiangalia kwa makini, kila hatua ya kazi hiyo inamtoa Myombekere nje ya kaya yake. Pombe ya kiasi kinachotakiwa haiwezi kutengenezwa na mtu mmoja. Anahitaji ndizi, vyombo, mikono ya majirani na watu wa kumsaidia kuibeba mpaka ukweni. Kila anayemsaidia anaweka akiba ya kudai siku yake itakapofika. Kwa hiyo faini hii inamdai mkosaji mali, na pamoja na mali inampima kama ana watu. Mwanamume asiye na majirani hawezi kumrudisha mkewe.

Hapa maelezo na msuko vinakuwa kitu kimoja. Urefu wa maelezo ya pombe ni urefu wa toba ya Myombekere, na msomaji anayeruka kurasa hizo anakuwa ameiruka adhabu. Mwanazuoni wa Kifaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi kupeana kuna wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Kitereza hakuhitaji kumsoma Mauss. Aliyaona mambo hayo kwenye vibuyu vya pombe, na alijua kuwa mtu anayepokea kibuyu hapokei kinywaji peke yake.

Ni lazima kuongeza hapa kwamba deni hili halikuwa la haki kwa wote. Ugumba unahesabiwa kuwa wa mwanamke kabla ya yeyote kuuchunguza. Mazungumzo ya kumrudisha yanaendeshwa na wanaume, na pombe inapita kutoka mikononi mwa wanaume kwenda kwa wanaume. Anayeusifu mfumo huu kuwa ni mshikamano bila kusema hivyo, anasoma nusu ya kitabu. Hata hivyo, mfumo huohuo ndio uliompa Bugonoka mahali pa kukimbilia. Wazazi wake waliweza kumwondoa, na mume hakuweza kumrudisha kwa nguvu. Urithi wa kijiji, kwa mujibu wa riwaya hii, una uonevu na kinga ndani ya kamba moja. Uhakiki unaochagua upande mmoja unapunguza kazi ya mwandishi.

4.0 Neno ‘Kijiji’ na Historia Yake

Mpaka hapa neno ‘kijiji’ limetumika bila kufafanuliwa, na ndivyo linavyotumika katika kazi nyingi zinazohusu urithi. Ni neno linalohitaji kuhojiwa. Katika riwaya ya Kitereza, kitovu cha maisha ni kaya: nyumba, ua, ng’ombe na shamba. Majirani wapo, lakini ujirani wao hautokani na mstari uliochorwa na ofisi. Unatokana na njia inayopitwa kila siku, moto unaoombwa, na kazi inayofanywa pamoja.

Jambo hili linaeleweka kwa urahisi kwa mtu wa vilima vya Ngara, ambako nyumba ya mkulima imezoea kukaa ndani ya migomba yake. Mgomba haulimwi mbali na mlango. Unahitaji samadi, majani ya kufunika ardhi, takataka za jikoni na jicho la kila siku. Ukitunzwa vizuri, shina moja huendelea kuzaa kwa machipukizi kizazi baada ya kizazi. Kwa sababu hiyo shamba la migomba ni kumbukumbu ya ukoo: mtu anaweza kuonyesha sehemu iliyopandwa na babu, sehemu iliyoongezwa na baba, na mahali alipozikwa kila mmoja wao.

Kijiji kama tunavyokifahamu katika orodha za serikali, chenye mipaka, mwenyekiti na halmashauri, ni cha juzi. Umbo lake la kisheria lilitokana na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, iliyotungwa wakati Operesheni Vijiji ikiwa imepamba moto. Katika sehemu nyingi za nchi kaya zilihamishwa zikapangwa kwa safu kando ya barabara. Katika baadhi ya maeneo yenye mazao ya kudumu na watu wengi, kama Bukoba, kaya nyingi ziliachwa zilipokuwa, na kijiji kikawa mpaka uliochorwa juu ya makazi ya zamani. Kwa hiyo mtafiti anayeandika juu ya “mila za kijiji fulani tangu kale” anatumia chombo cha mwaka 1975 kupima mambo yaliyokuwapo kabla yake. Kosa hili ni dogo kwa maneno, lakini lina athari kubwa. Linamfanya atafute urithi katika eneo la kiutawala, ilhali urithi wenyewe ulipita kwenye njia za ukwe, ukoo na ujirani zisizojali mpaka wa kijiji. Huko Ngara njia hizo mara nyingi hazikujali hata mpaka wa nchi.

5.0 Gamba la Nyoka: Kaya Inapohamishwa

Kezilahabi, mwenyeji mwingine wa Ukerewe, aliandika Gamba la Nyoka akiwa anatazama tukio hilohilo la kuhamishwa. Vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaingia katika kazi ya kujenga kijiji cha ujamaa, na watu wa Kisole wanaipinga amri ya kuhama. Wahakiki wengi wameijadili riwaya hii kama hukumu juu ya siasa ya Ujamaa. Usomaji huo ni sahihi, ila tukiiweka kando ya riwaya ya Kitereza tunaona jambo jingine.

Wanaopinga kuhama hawateti ardhi peke yake. Wanateta mahali ambapo kila mmoja anajua nani anamdai na nani anadaiwa naye. Ukimhamisha mtu na kumpa ekari zilezile mahali pengine, umemrudishia udongo lakini hujamrudishia majirani. Mpango wa ujamaa ulikusudia kuwafanya watu wafanye kazi pamoja, na kwa kejeli chungu ukavunja utaratibu ambao tayari ulikuwa ukiwafanya wafanye kazi pamoja. Katika kijiji kipya kazi ya pamoja inaitishwa kwa amri, na mwenye kudai ni ofisi. Ofisi haina ukwe, haina msiba, wala haitakuja kukamua ndizi kwako siku utakapokuwa na shida.

Kwa njia hii riwaya mbili zinakamilishana. Kitereza anaonyesha namna kamba ilivyosukwa. Kezilahabi anaonyesha ilivyokatika. Msomaji wa Kitereza peke yake anaweza kudhani kwamba kilichopotea ni desturi fulani zinazoweza kuandikwa na kuchezwa jukwaani siku ya sherehe. Msomaji wa zote mbili anatambua kwamba desturi zinaweza kubaki zote, ngoma zikapigwa na pombe ikanywewa, huku deni lililozibeba likiwa limekwisha.

6.0 Hoja Pinzani: Je, Kuhifadhi si Kutosha?

Ipo hoja kwamba kuhifadhi maarifa kabla hayajapotea ni kazi ya kutosha, na kwamba kumtaka mwandishi afanye zaidi ni kumwonea. Hoja hii ina uzito, na haikuzuka kwetu peke yetu. Mwaka 1975 huko Ufaransa, Pierre-Jakez Hélias alichapisha Le Cheval d’orgueil, kitabu kinachosimulia maisha ya wakulima maskini wa kijiji cha Pouldreuzic katika jimbo la Bretagne. Kama Kitereza, Hélias alikuwa mtoto wa mahali anapopaeleza, na kama yeye alijitafsiri mwenyewe, kutoka Kibretoni kwenda Kifaransa. Kitabu kilipendwa na wasomaji wengi mno. Miaka miwili baadaye mshairi Xavier Grall, Mbretoni mwenzake, alijibu kwa kitabu cha kukishambulia, akiona kwamba Bretagne imesawiriwa kama kitu kilichokwisha, ilhali yeye aliamini kuwa bado iko hai na ina la kupigania.

Mgogoro wao unatusaidia kuuliza swali sahihi kuhusu Kitereza. Je, naye ameandika tanzia? Makala haya yanajibu kwamba hapana, na ushahidi uko katika muundo wa riwaya yenyewe. Kitereza hakuandika sura moja ya ndoa, nyingine ya kilimo na nyingine ya uganga, kama afanyavyo mtunzi wa kitabu cha mila. Aliandika juu ya watu wawili wanaotaka mtoto. Uganga unaingia kwa sababu wanahitaji dawa, pombe inaingia kwa sababu kuna faini, na safari inaingia kwa sababu kuna mkwe wa kuombwa radhi. Hakuna desturi inayotajwa ambayo haimlazimu mtu fulani kufanya jambo fulani kwa ajili ya mtu mwingine. Kitu kinachomlazimu mtu hakijafa. Kinakufa pale msomaji anapokitenga na ulazima wake na kukiweka kwenye jedwali.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika una mtazamo unaokaribiana na huo. Unauona urithi kuwa ni jambo linalorithishwa kizazi kwa kizazi na kuundwa upya daima na jamii kulingana na mazingira na historia yake. Kuunda upya ndiko kunakokosekana katika kazi zetu nyingi za ukusanyaji.

7.0 Athari kwa Utafiti wa Nyanjani

Mfano mmoja wa sasa utaonyesha kinachoweza kupatikana. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera, ukianzia Muleba. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na pia huenezwa na panga lililotumika kwenye mgomba ulioathirika na kwa machipukizi yanayochukuliwa kutoka shamba lenye ugonjwa. Wakulima walishauriwa kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kusafisha zana kwa moto au dawa, kung’oa migomba iliyougua, na kutochukua machipukizi yasiyojulikana yalikotoka.

Kwa mtaalamu wa kilimo, huu ni ushauri wa afya ya mimea, na ni ushauri mzuri. Kwa mhakiki wa fasihi na utamaduni, kuna jambo zaidi la kutazamwa. Kupeana machipukizi na kuazimana panga ni vitendo vya ujirani. Kijana anayeanza kaya huanza na mashina aliyopewa, na kila shina lina jina la aliyelitoa. Ushauri wa kukataa chipukizi unamtaka mkulima akatae zawadi, na kukataa zawadi, kama Mauss alivyoonyesha, ni kukataa uhusiano. Je, watu walisemaje ili wakatae bila kutukana? Ni methali gani iliyotumika? Ni kitu gani kilichotolewa badala ya chipukizi? Maswali haya hayamo katika hojaji ya kawaida ya kukusanya methali, lakini hapo ndipo methali inapofanya kazi.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza kwamba mtafiti wa urithi wa vijijini katika Ngara na Biharamulo, kwa kila wimbo, methali, chombo au desturi anayoikusanya, aulize pia maswali matatu. Nani alimpa nani? Nini kilitarajiwa kurudi? Na nini hutokea kisiporudi? Swali la tatu ndilo muhimu zaidi, kwa sababu wazee huweza kueleza desturi kwa maneno mazuri yaliyozoeleka, lakini wakiulizwa kuhusu deni lisilolipwa husimulia kisa. Katika kisa hicho wamo watu, na pamoja na watu hao hupatikana fasihi.

Pendekezo hili lina gharama. Habari za madeni ni habari za ugomvi, na watu wanaotajwa ndani yake bado wanaishi. Mtafiti atalazimika kuficha majina, kukaa muda mrefu zaidi, na kukubali kwamba baadhi ya mambo hayataandikwa. Tasnifu yake inaweza kuwa na nyimbo chache kuliko tasnifu za wenzake. Watahini nao watalazimika kukubali kwamba nyimbo kumi zilizoelezwa pamoja na wanaodaiana ndani yake zina thamani kuliko nyimbo mia zisizo na wenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba riwaya ya Kitereza haikuhifadhi mila kwa kuziorodhesha. Imezihifadhi kwa kuonyesha zinavyowabana na kuwalinda watu wanaoishi pamoja. Yameonyesha pia kwamba Gamba la Nyoka inasaidia kutambua thamani ya mfumo huo kwa kusimulia kuvunjika kwake, na kwamba neno ‘kijiji’, tunalolitumia kana kwamba ni la kale, lina historia fupi inayoweza kumpotosha mtafiti.

Ngara na Biharamulo bado hazijapata Kitereza wao. Yawezekana muswada upo mahali fulani, kwa Kihangaza, Kisubi au Kizinza, ukingoja kama wa Kitereza ulivyongoja. Yawezekana haujaandikwa. Wakati tukiusubiri, tasnifu za Kiswahili zinazowekwa katika hazina za vyuo vikuu ndiyo maandishi ambayo wajukuu wa wakulima hao watayakuta. Wakikuta humo majedwali matupu, watajua babu zao walikuwa na vitu gani. Hawatajua walikuwa wa nani.